Chombo cha Umeme cha Kumsukuma Mtelezaji: Uundaji Wake katika Mazingira ya Garissa

Chombo cha kumsukuma mtelezaji ni gurudumu moja lenye mota, lililofungwa kwenye fremu ya chuma, ambalo humwendesha mtu aliyevaa viatu vya magurudumu bila yeye kupiga hatua. Kina sehemu sita: betri, kontrola, mota, ekseleta, breki na fremu. Sehemu za umeme ni zilezile zinazotumika katika skuta na baiskeli za umeme, na fremu inaweza kuchomelewa na fundi yeyote wa juakali anayetengeneza milango, vitanda au mikokoteni. Ugumu wa kazi hii hauko katika kupata vipuri. Uko katika mambo matatu ambayo Garissa na kaunti za Wajir na Mandera huyadai kwa ukali kuliko sehemu nyingi za Kenya: joto, mchanga, na namna ya kusimama.

Viatu vya magurudumu

Viatu vya magurudumu vilianza kutawalika vizuri mwaka 1863, pale James Plimpton wa New York alipopata hataza ya kiatu chenye magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, kilichomwezesha mvaaji kukata kona kwa kuegemea upande. Kiatu cha magurudumu yaliyopangwa kwa mstari mmoja kilienea miaka ya 1980 kupitia kampuni ya Rollerblade, iliyoanzia Minnesota, Marekani. Nchini Kenya mchezo huu una makao yake Nairobi, ambako siku za Jumapili vijana na watoto hujifunza katika egesho la magari la Sunken, kando ya barabara ya Wabera.

Kila gurudumu la kiatu hiki huzungukia beringi mbili za aina ya 608, zenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22. Ndani yake mna gololi ndogo za chuma. Beringi ikiwa safi, mtelezaji hupoteza nguvu kidogo sana. Ikiingia vumbi, gololi husaga mchanga kama jiwe la kusagia, na mota huanza kufanya kazi isiyomfikia mtu. Kwa Garissa, beringi zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili ndizo zinazofaa. Baada ya safari chache huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, kisha hutiwa grisi nyepesi kidogo.

Ardhi, joto na miiba

Mji wa Garissa uko kwenye ukingo wa mto Tana, takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari. Ardhi yake ni tambarare, jambo ambalo ni neema kwa mota ndogo, kwa sababu mlima ndio unaomaliza betri haraka kuliko kitu kingine chochote. Joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na lami inayopigwa na jua huwa na joto kubwa zaidi ya hewa. Mvua ni chache, ya masika na ya vuli, lakini inaponyesha huweza kuwa nyingi kwa ghafla. Mafuriko ya mwaka 2023 yaliifunika barabara ya kuingia mjini upande wa Madogo na kukata usafiri. Mota na kontrola ya chombo hiki hazikuundwa kupita majini.

Barabara kuu ya A3 kutoka Thika ina lami hadi mjini. Nje ya barabara kuu, upepo na magurudumu ya magari huleta mchanga juu ya lami, na pembezoni mwa mji lami hukoma. Kisha kuna miiba. Migunga ya asili na mathenge, mti wa kigeni uliosambaa katika maeneo kame ya Kenya, huangusha miiba inayotoboa tairi ya upepo mara moja. Kwa sababu hiyo gurudumu la mota linapaswa kuwa na tairi ya mpira mtupu, isiyojazwa upepo. Tairi ya namna hiyo hutikisa zaidi, lakini hailali njiani.

Nguvu inayohitajika

Nguvu inayohitajika huweza kukokotolewa kabla ya shilingi ya kwanza kutumika. Chukua mtelezaji wa kilo 70, viatu na mavazi ya kinga ya kilo 3, na chombo cha kilo 12: jumla ni kilo 85. Kwenye lami ya kawaida, ukinzani wa magurudumu madogo ni takriban asilimia 2 ya uzito, yaani nyutoni 17. Ukinzani wa hewa kwa mtu aliyesimama wima ni takriban nyutoni 6 akienda kilomita 15 kwa saa, nyutoni 10 akienda kilomita 20, na nyutoni 24 akienda kilomita 30.

Nguvu zikijumlishwa na kuzidishwa kwa mwendo, mtelezaji huhitaji wati 95 hivi kwa kilomita 15 kwa saa, wati 150 kwa kilomita 20, na wati 340 kwa kilomita 30. Kuongeza mwendo kwa nusu, kutoka 20 hadi 30, hudai nguvu zaidi ya maradufu. Mota, kontrola na tairi hupoteza karibu asilimia 30 njiani, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 20 betri italazimika kutoa wati 214. Mota ya wati 250 au 350, ya ukubwa unaofungwa kwenye skuta ndogo za umeme, inatosha kabisa kwa ardhi ya Garissa.

Mahali pa kusukumia

Kuna njia mbili kuu za kumsukuma mtelezaji. Ya kwanza ni kufunga mota kwenye viatu vyenyewe. Njia hii hupendeza macho lakini ina kasoro kubwa: nguvu hupita miguuni wakati uzito wa mwili uko juu, kwa hiyo miguu hutangulia na mwili hubaki nyuma. Tena mota mbili zisipoenda sawa, miguu huachana. Jiwe dogo likizuia kiatu kimoja, kile kingine huendelea kusukuma.

Njia ya pili, iliyo bora kwa mtu anayejiundia, ni gurudumu la nyuma. Fremu yenye umbo la herufi U humzunguka mtelezaji kiunoni bila kufungwa mwilini, na mikono hushika pande zake mbili. Kiuno kiko karibu na kitovu cha uzito wa mwili, ambacho kwa mtu mzima aliyesimama huwa juu kidogo ya nusu ya kimo chake. Nguvu ikipita hapo haimwangushi mbele wala nyuma. Sharti kuu la fremu ni kwamba upande wa mbele uwe wazi. Mtelezaji akianguka, aweze kuachia na kutoka, asiburutwe.

Gurudumu la nyuma lina jambo moja linalosahauliwa mara nyingi. Haliwezi kusukuma kuliko msuguano wake na ardhi unavyoruhusu. Kwenye lami safi, tairi hushika kwa karibu asilimia 60 ya uzito ulio juu yake. Kwenye lami iliyotapakaa mchanga hushika kwa asilimia 30 au pungufu. Kama uzito wa kilo 10 umekalia gurudumu, nguvu ya juu ni nyutoni 60 penye lami safi na nyutoni 30 penye mchanga. Kwenda kilomita 20 kwa saa hudai nyutoni 27. Maana yake ni kwamba juu ya lami yenye mchanga chombo hiki hakina akiba ya kwenda kasi zaidi. Ekseleta ikiminywa zaidi, gurudumu litazunguka bure na kuyumba. Kwa hiyo betri haibebwi mgongoni. Hufungwa moja kwa moja juu ya gurudumu, ili uzito wake ufanye kazi.

Mota na kontrola

Mota inayofaa ni ile isiyo na brashi, iliyojengwa ndani ya gurudumu. Nyaya za shaba zimezungushwa katikati na hazisogei. Sumaku zimepangwa kwenye duara la nje linalozunguka pamoja na tairi. Kontrola hupeleka umeme katika makundi matatu ya nyaya kwa zamu, na sensa ndogo huieleza sumaku zimefika wapi. Kwa kuwa hakuna brashi zinazosuguana, hakuna sehemu inayolika isipokuwa beringi, na vumbi haliingii kirahisi.

Kwa tairi ya inchi 8.5, duara lake ni takriban sentimita 68. Ili kwenda kilomita 20 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 490 hivi kwa dakika. Mota ya volti 36 ya skuta hufikia mzunguko huo bila gia. Kontrola iwe na kikomo cha ampea 15, na ekseleta iwe ya kurudi yenyewe: kidole kikiachia, umeme ukatike papo hapo. Swichi ya aina ya kubonyeza na kubaki haifai hata kidogo, kwa sababu mtu anayeanguka hana nafasi ya kutafuta swichi.

Betri na joto

Betri ya volti 36 huundwa kwa seli 10 za lithiamu zilizounganishwa mfululizo. Seli ya aina ya 18650, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, hutoa volti 3.6 kwa wastani na 4.2 ikijaa. Safu mbili za seli 10, kila seli ikiwa na ampea-saa 2.5, hutoa betri ya wati-saa 180. Ikitumiwa kwa asilimia 80, humfikisha mtelezaji karibu kilomita 13 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Ni lazima iwe na saketi ya ulinzi inayozuia kila seli isijazwe kupita kiasi wala kumalizwa kabisa. Seli zilizotolewa katika kompyuta kuukuu hazifai: zimechakaa kwa viwango tofauti, na nyingi hazikuundwa kutoa umeme mwingi kwa mara moja.

Betri tatu za risasi na asidi, za volti 12 na ampea-saa 7, ni mbadala wa bei nafuu. Uzito wake wa kilo 7 hivi, ambao mgongoni ungekuwa mzigo, juu ya gurudumu huongeza mshiko. Ila hutoa safari fupi zaidi, na kadiri joto linavyozidi nyuzi 25, maisha yake hupungua kwa takriban nusu kwa kila nyuzi 10.

Lithiamu nayo ina mpaka wake. Seli nyingi hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Kisanduku cheusi kilichoachwa juani Garissa hupita kiwango hicho hata kabla ya kuwashwa. Kanuni ni tatu: kisanduku kiwe cheupe, betri ikitoka safarini ipumzike kivulini mpaka ipoe, na kuchaji kufanyike usiku au alfajiri, mbali na mahali watu wanapolala. Wenye paneli za sola huweka paneli juani na betri kivulini, chini ya mwarobaini au kwenye chumba chenye hewa, na waya mrefu kati yake.

Jua lenyewe si haba. Garissa ndiyo mahali ambapo kituo cha sola cha takriban megawati 55 kilizinduliwa Desemba 2019 chini ya Shirika la Umeme Vijijini na Nishati Jadidifu, REREC. Paneli moja ya wati 100, ikiunganishwa kwa kifaa cha kupandisha volti, hukusanya katika nusu siku ya jua kali umeme wa kutosha kuijaza betri ya wati-saa 180. Anayetumia umeme wa gridi huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya uniti. Hata uniti ikiwa shilingi 30, gharama haifiki shilingi 7.

Mota nayo huteswa na joto. Joto linalozalishwa katika nyaya hupanda kwa mraba wa umeme: umeme ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kudhoofika zikikaribia nyuzi 80, na mota inayoanza safari kwenye hewa ya nyuzi 36 ina nafasi ndogo ya kupanda kuliko ile ya Nairobi au Limuru. Kusukuma kwa nguvu kwenye mchanga laini kwa dakika chache huweza kuiunguza. Baada ya kila safari ya majaribio, mkono huwekwa karibu na mota. Kama haiwezi kuguswa kwa sekunde tano, mzigo umezidi.

Kusimama

Mtelezaji anayekwenda kilomita 20 kwa saa hutembea mita 5.6 kwa kila sekunde. Akichukua sekunde moja kugundua hatari, kisha akapunguza mwendo kwa breki ya kisigino kwenye lami safi, husimama baada ya mita 13 hivi. Kwa kilomita 30 huhitaji mita 26. Juu ya lami yenye mchanga, ambako breki hushika nusu tu, safari ya kilomita 20 kwa saa huhitaji mita 21. Punda akikatiza njia mita 15 mbele, hesabu hiyo haibadiliki kwa ujasiri.

Kontrola nyingi huwa na breki ya umeme, ambayo hugeuza mota kuwa jenereta na kurudisha umeme katika betri. Ni msaada, lakini haitegemewi peke yake, kwa kuwa betri iliyojaa haiwezi kupokea umeme zaidi, na saketi ya ulinzi huweza kuukata. Wakati huo breki hupotea ghafla. Kwa hiyo gurudumu la mota liwe na breki ya diski inayovutwa kwa waya wa chuma kama ya baiskeli, na viatu vibaki na breki yake ya mpira. Kontrola iwekewe kikomo cha kilomita 20 kwa saa tangu mwanzo.

Hatua za kuunda na kupima

Kazi huanza kwa fremu. Bomba la mraba la milimita 25 linatosha, na kona zake huwekewa vipande vya pembetatu ili zisipasuke kwa mtikisiko. Mota hufungwa kwa nati na washa zinazozuia ekseli isijizungushe yenyewe. Ekseli ikijizungusha, hukata nyaya zake. Kisanduku cha betri hufungwa kwa bolti juu ya gurudumu, si kwa mikanda ya mpira.

Umeme hufuata. Kati ya betri na kontrola huwekwa fyuzi ya ampea 20, karibu kabisa na betri, kisha swichi kuu inayofikika kwa mkono. Waya wa betri uwe wa milimita 2.5 za mraba au zaidi. Viungo huchomewa kwa solda na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Utepe wa kawaida wa umeme hulainika na kubanduka kwenye joto la Garissa. Kabla ya kuunganisha, chanya na hasi huhakikishwa kwa mita, si kwa rangi ya waya.

Majaribio hufanywa kwa ngazi nne. Kwanza, gurudumu likiwa hewani, ili kuhakikisha kuwa ekseleta ikiachiwa umeme hukatika. Pili, chombo kikisukumwa kwa mkono, kwa kupima breki. Tatu, kikisukuma mkokoteni mtupu au gunia la mchanga juu ya ubao wenye magurudumu. Mwisho, kikimsukuma mtu anayejua tayari kuteleza na kusimama bila mota, alfajiri, kwenye uwanja uliofungwa, akiwa na helmeti na kinga za viganja, viwiko na magoti. Asiyeweza kusimama kwa miguu yake asipewe mota.

Mahali panaporuhusiwa

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, huhesabu kuwa gari karibu kila chombo kinachoendeshwa kwa nguvu ya mashine. Chombo cha kujiundia hakina usajili, bima, taa za gari wala namba. Mahali pake basi si barabara kuu, wala miongoni mwa bodaboda, tuktuk na malori ya mifugo. Ni uwanja wa shule au chuo, au eneo la faragha lenye lami au saruji, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Matumizi mengine

Gurudumu hilihili lina kazi kubwa kuliko mchezo. Kiti cha magurudumu chenye mtu wa kilo 70, pamoja na chombo, hufikia kilo 100 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa kwenye sakafu ngumu hudai wati 33 tu, na hata kwenye mwinuko wa asilimia 5 hudai takriban wati 115. Betri ya wati-saa 180 ingemwezesha mtu huyo kwenda zaidi ya kilomita 15 bila kusukumwa na mwingine.

Mkokoteni wa maji wenye madumu 10 ya lita 20, pamoja na uzito wake wa kilo 60, hufikia kilo 260. Kwenye udongo mgumu hudai takriban nyutoni 77, ambazo kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni wati 107. Mota ya skuta huweza kusaidia, mradi ipunguziwe mzunguko kwa mnyororo na gia, na mzigo ukalie gurudumu lake. Lakini kwenye mchanga laini mkokoteni huohuo hudai zaidi ya nyutoni 600, na hapo mota ndogo hushindwa. Punda bado ana kazi yake pale lami na udongo mgumu vinapoishia.

Garissa ina Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopewa hati mwaka 2017, na chuo cha ufundi cha kitaifa cha North Eastern. Ina mafundi wa kuchomelea, na jua lisilokosekana. Karakana yoyote inayoanza kazi hii ianze kwa mita ya umeme, kipimajoto na utepe wa kupimia mita za kusimama, na iandike vipimo vyake kabla ya kumpandisha mtu. Breki ifungwe kabla ya mota kuunganishwa na betri.